Siku ya Wapendanao: Tuanze kwa kujipenda wenyewe

KILA ifikapo katikati ya Februari jiji la Kampala hubadilika rangi. Maduka hutundika nguo nyekundu milangoni, akina dada hupekua marundo ya mitumba Owino wakitafuta gauni la rangi hiyo, na wachuuzi wa maua hupita katikati ya foleni ya magari wakiwa na mawaridi yaliyofungwa kwa nailoni. Redio hazina habari nyingine ila mapenzi. Mahoteli hutangaza chakula cha jioni cha watu wawili, na atakayekwenda peke yake hutazamwa kama aliyepotea njia.

Gazeti hili halina ugomvi na tarehe 14 Februari. Wapo wanaosema ni mila ya Wazungu na iachwe. Lakini gauni jeupe la harusi nalo lilitoka huko huko, na leo hakuna anayelikataa. Mke kumpa mumewe zawadi, au mume kumkumbuka mkewe baada ya mwaka mzima wa kukimbizana na riziki, ni jambo jema. Nyumba zetu zina ukame wa maneno matamu, na kama siku moja kwenye kalenda inaweza kuleta tone la mvua, na inyeshe.

Wasiwasi wetu ni kwamba siku hii imegeuzwa kuwa mtihani. Anayeletewa ua kazini huonekana amefaulu. Asiyeletewa hujiuliza ana kasoro gani. Kijana asiye na fedha hujificha na kuzima simu. Mjane, aliyeachika na yule ambaye bado hajapata mwenzi huambiwa, bila mtu kufungua mdomo, kwamba siku hii haiwahusu.

Sisi tunasema inawahusu wote. Mapenzi yanayodumu huanza na mtu kujipenda mwenyewe, kisha huonekana katika wema anaowatendea wengine. Mambo hayo mawili hayauzwi Kikuubo wala Nakasero.

Tusieleweke vibaya. Kujipenda si ubinafsi. Mbinafsi huchukua cha mwenzake. Anayejipenda hutunza alichopewa, yaani mwili wake, akili yake, jina lake na jasho lake, ili awe na kitu cha kumpa mwenzake.

Aliyezoea kushukuru

Suala hili lina uzito wa pekee kwa wasomaji wetu wengi, wale waliorudi nchini baada ya miaka ya ukimbizi. Uganda imetoa wakimbizi kwa vipindi. Wapo waliomkimbia Idi Amin miaka ya 1970. Wapo wa West Nile waliovuka kwenda Zaire na Sudan kuanzia mwaka 1980, baada ya Amin kuanguka. Wapo waliokimbilia Kenya wakati wa vita vya miaka ya 1980. Watoto wao walisoma katika shule za watu, kwa lugha za watu.

Mwandishi wa tahariri hii ni mmoja wao. Alisomea Kenya, na leo anafundisha pamoja na wengine waliorudi. Mtoto wa mkimbizi hufundishwa mapema kupunguza sauti, kutoomba sana, na kushukuru kwa kila anachopewa hata kikiwa kidogo. Ni adabu iliyotuokoa huko tulikokuwa, lakini mtu mzima akiingia nayo katika ndoa humdhuru. Aliyezoea kushukuru kwa lolote hukubali lolote. Hutukanwa akanyamaza, hupigwa akasema ni bahati mbaya, huachiwa mzigo wote wa nyumba akajiambia kwamba afadhali hata huyo kuliko kukosa mtu.

Linganisha na yaliyompata katika lugha. Wengi waliorudi walichekwa kwa Kiganda chao cha kubabaisha, na Kiswahili chao kikaitwa lugha ya askari na majambazi. Amin alikitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa mwaka 1973, na kwa kuwa wanajeshi wake ndio waliokitumia kuwaamrisha raia, chuki ikabaki hata walipoondoka. Matokeo yake wazazi wengi waliorudi waliwakataza watoto wao kukisema mbele za watu. Katiba ilikitambua Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili mwaka 2005, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likaamua kifundishwe kwa lazima shuleni. Kile tulichokionea haya sasa kinatafutiwa walimu.

Funzo lipo hapo. Jambo lako halikuwa baya eti kwa sababu jirani alilicheka. Aliyerudi nyumbani ana haki ya kupendwa akiwa na lafudhi yake, historia yake na makovu yake. Anayemtaka ajifiche ili apendwe hampendi yeye. Anampenda mtu mwingine ambaye hayupo.

Mtaji haununui waridi

Tuje kwenye fedha, maana hapo ndipo wengi huumia kimya kimya.

Hapa Uganda muhula wa kwanza wa shule huanza mwanzoni mwa Februari. Siku ya Wapendanao humkuta mzazi ametoka kulipa karo, sare, vitabu na godoro la mtoto wa bweni, au bado anadaiwa nusu yake. Januari yenyewe ilikwisha na madeni ya Krismasi. Katika hali hiyo, kijana anayekopa kwa simu ili ampeleke mchumba hotelini anajifunga kamba. Deni la simu halina subira, na tarehe 15 litaamka kabla yake.

Kwa mfanyabiashara wa mpakani hatari ni kubwa zaidi, kwa sababu fedha iliyo mkononi mwake haijawa yake. Mama anayetoa nyanya na ndizi Busia, au kijana anayepeleka sabuni na unga Elegu, hushika noti nyingi kwa siku, lakini nyingi kati ya hizo ni mtaji. Mpenzi anayeziona hudhani ni utajiri. Ukitoa katika mtaji kununua zawadi, wiki inayofuata utarudi kununua bidhaa chache, faida itapungua, na penzi lile lile litaanza kulalamika kwamba umebadilika.

Ushauri wetu ni rahisi. Tenga mtaji, tenga karo, tenga chakula, kisha tazama kilichobaki. Kama kimebaki cha waridi moja, nunua waridi moja. Kama hakikubaki kitu, sema hivyo wazi. Mwenzi anayekupenda atakula nawe muhogo wa kuchoma na chai, na mtazungumza. Asiyeweza kusikia neno "sina" siku ya 14 Februari hataweza kulisikia siku utakayolazwa hospitalini.

Na mkinunua waridi, mkumbukeni aliyelikata. Mashamba ya maua ya pande za Entebbe, Wakiso na Mukono hupeleka mawaridi Uholanzi kwa ndege, na wiki za kuelekea siku hii ndizo za kazi nyingi kuliko zote. Wengi wa wanaokata, kuchambua na kufunga maua hayo ni wanawake. Waajiri wanaovuna kutokana na mapenzi ya watu wa Ulaya wanapaswa kuwalipa wanawake hao saa zao za ziada na kuwapa vifaa vya kuwakinga na dawa za wadudu. Huo nao ni wema, tena ni haki.

Ujasiri wa Lutaaya

Jambo la pili katika kujipenda ni afya. Hapa Waganda hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Philly Bongoley Lutaaya alikuwa mwanamuziki aliyeishi Sweden. Mwaka 1989 alirudi nyumbani akawa Mganda wa kwanza mwenye jina kubwa kutangaza hadharani kwamba ana ukimwi. Wakati ule ugonjwa uliitwa "Slim", na waliougua walifichwa vyumba vya nyuma. Wapo waliomwambia kwamba anatafuta umaarufu. Yeye alikwenda shuleni na makanisani akasimama mbele ya vijana, mwili ukiwa umekwisha, akawaambia ukweli. Alifariki tarehe 15 Desemba mwaka huo huo akiwa na miaka 38.

Miaka miwili kabla yake, Noerine Kaleeba, mtaalamu wa tiba ya viungo wa Mulago, alifiwa na mumewe Christopher kwa ugonjwa huo. Badala ya kujifungia, yeye na wenzake wachache walianzisha TASO mwaka 1987. Walikutana, wakanywa chai pamoja, wakashikana mikono na wagonjwa ambao ndugu zao waliogopa kuwagusa. Walifundisha nchi nzima kwamba mwenye virusi anaweza kuishi kwa matumaini. Dawa zenyewe hazikuwapo kwa mtu wa kawaida. Dawa za bure zilianza kusambazwa Uganda mwaka 2004. Kabla ya hapo wengi walishikiliwa na wema wa wenzao.

Lutaaya na Kaleeba walitupa somo tunalolihitaji kila Februari. Kujipenda ni kutaka kuijua hali yako. Kuwapenda wengine ni kutowaficha kinachowahusu. Leo kazi hiyo ni nyepesi kuliko walivyoipata wao. Anayejua hali yake, akameza dawa kila siku mpaka virusi visionekane kwenye vipimo, huishi maisha marefu na hamwambukizi mwenzi wake katika tendo la ndoa. Mama mwenye virusi anayetumia dawa ipasavyo huzaa mtoto salama. Asiyepima ndiye aliye hatarini, na ndiye anayewaweka wengine hatarini.

Mpakani jambo hili lina uzito zaidi. Malaba, Busia, Mutukula, Katuna na Mpondwe ni mahali pa kusubiri. Malori hupanga foleni, mizigo hukwama, watu hulala katika nyumba za wageni usiku hata usiku, mbali na waume na wake zao. Wapo wenye nyumba moja upande huu na nyingine ng'ambo. Hatuandiki haya kumhukumu mtu. Tunasema tu kwamba zawadi bora ambayo mfanyabiashara anaweza kumpelekea mwenzi wake wiki hii ni kwenda naye kituo cha afya wakapima wote wawili. Marekani iliposimamisha misaada yake mapema mwaka 2025, kliniki nyingi zilitikisika, na tulijifunza kwamba huduma tunayoiona ya kila siku inaweza kuyumba. Ikiwapo, tuitumie.

Zawadi si deni

Jambo la tatu ni thamani ya mtu, na hapa tunasema na vijana wetu wa kike, hasa walio shuleni.

Kuna fikra kwamba msichana akipokea zawadi amekopa, na deni hilo hulipwa kwa mwili. Fikra hiyo haikuanza na Siku ya Wapendanao. Mizizi yake iko katika namna tulivyoruhusu mahari, ambayo ilikuwa shukrani kwa wazazi, kugeuka kuwa bei. Kwa miaka mingi mwanamke aliyetaka kutoka katika ndoa ya kipigo aliambiwa kwanza arudishe ng'ombe. Shirika la MIFUMI lilipeleka shauri mahakamani, na mwaka 2015 Mahakama ya Juu ya Uganda iliamua kwamba kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba, kwa kuwa kunamshusha mwanamke hadhi. Mahakama haikufuta mahari yenyewe. Ilichokataa ni kumfanya mwanamke kitu kinachoweza kurudishwa dukani.

Kama ng'ombe hawawezi kudaiwa, itakuwaje chipsi, soda na waridi vidaiwe? Msichana anayejipenda hupokea zawadi kwa asante, na asante yatosha. Na akiona zawadi inakuja na masharti, huirudisha. Kwa wanaume watu wazima wanaowavizia wanafunzi na maua mikononi, sheria ya Uganda iko wazi: aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na kukubali kwake hakumwokoi mkubwa aliyemshika. Walimu na wazazi wasisubiri tarehe 15 kuanza kuuliza mtoto alikuwa wapi.

Sheria ya mwaka 2010 dhidi ya ukatili wa majumbani nayo ipo. Mwanamke au mwanamume anayepigwa nyumbani ana haki ya kwenda kwa viongozi wa serikali ya mtaa, polisi au mahakamani. Maua yanayoletwa asubuhi baada ya kipigo cha usiku si mapenzi, na anayeyapokea asilazimishwe na wakwe wala kanisa kunyamaza kwa sababu yamependeza mezani.

Kwa akina mama wa mpakani, kuna jambo moja zaidi la kujitunza. Wengi bado hupita njia za panya wakikwepa ushuru, na huko hukutana na watu wanaodai malipo yasiyo ya fedha. Ndugu zetu, si lazima. Bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, zilizo kwenye orodha iliyokubaliwa, zenye thamani isiyozidi dola 2,000 za Marekani, huvushwa kwa cheti rahisi cha asili ya bidhaa bila kutozwa ushuru wa forodha. Cheti hicho hupatikana pale pale mpakani. Vituo vya pamoja vya Mutukula na Busia, vilivyozinduliwa mwaka 2017 na 2018, vilijengwa ili mtu asimame dirishani mchana kweupe, akiwa na heshima yake. Maofisa wa huko nao wanadaiwa kauli nzuri, maana mama akitukanwa dirishani, kesho atarudi porini.

Wiki ya wafia dini wawili

Tumesema kujipenda hukamilika kwa wema. Kalenda yetu inatusaidia kulikumbuka hilo, ingawa wengi hawajaona.

Tarehe 14 Februari ni kumbukumbu ya Valentino, mfia dini aliyeuawa Roma karne nyingi zilizopita. Siku mbili baadaye, tarehe 16, Uganda humkumbuka mfia dini wake. Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa siku hiyo mwaka 1977, pamoja na mawaziri Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi, baada ya yeye na maaskofu wenzake kumwandikia Amin kupinga mauaji ya raia. Serikali ilidai ni ajali ya gari. Tangu mwaka 2016 siku hiyo ni ya mapumziko kitaifa.

Kifo hicho kiliwasukuma wengi nje ya nchi. Mmoja wao alikuwa Festo Kivengere, askofu wa Kigezi, aliyevuka milima kwa miguu usiku pamoja na mkewe mpaka Rwanda. Akiwa uhamishoni alitoa kitabu ambacho jina lake tu liliwashangaza watu, kwa kuwa lilitangaza kwamba anampenda Idi Amin. Hakuwa akisifu maovu. Alikuwa akikataa chuki imfuate ng'ambo na kumharibu huko. Amin alipoanguka mwaka 1979, Kivengere alirudi nyumbani kujenga.

Aliyevuka mpaka usiku anajua kwamba hakuvuka peke yake. Kuna aliyemficha, aliyempa uji, aliyemwonyesha njia, na mwalimu wa nchi ya watu aliyempa dawati bila kumuuliza vyeti. Hakuna aliyewalipa hao. Njia iliyobaki ya kuwalipa ni kumtendea hivyo mwingine, na Uganda ya leo, inayopokea wakimbizi kutoka Sudan Kusini, Kongo na Sudan, haijakosa wa kutendewa.

Basi wiki hii ya siku mbili isiishie kwenye ua. Kwa wenye wenzi tunasema: zungumzeni, pimeni afya, wekeni hesabu wazi, na mwambiane asante kwa mambo ya mwaka mzima. Kwa walio peke yao: jipikieni chakula kizuri, lala mapema, mtembelee rafiki, na msikubali mtu yeyote awaambie kwamba nyumba yenu ni nusu. Kwa wote: mjane wa jirani, mgonjwa wa Mulago asiye na mgeni, mkimbizi mpya ambaye hajui pa kununua mkaa, na mama wa sokoni anayelala juu ya magunia yake Busia, hao nao ni wapendwa.

Kwa makanisa na misikiti tunaomba mahubiri ya wiki hiyo yawataje walio wapweke bila kuwahukumu. Kwa redio zetu tunaomba angalau saa moja itengwe kwa ushauri wa ndoa na afya kati ya salamu na nyimbo. Kwa shule, wanafunzi wafundishwe nani alikuwa Luwum na nani alikuwa Lutaaya kabla hawajafundishwa na mabango ya biashara maana ya kupenda.

Wahenga walisema wema hauozi. Waridi huoza baada ya siku chache, hata likiwekwa majini. Mwenye fedha ya kutosha na anunue vyote viwili. Asiye nayo ajue kwamba kile kisichooza hakina bei, na anaweza kukianzia kwake mwenyewe.